Usingizi Una Saa Yake

Mmoja huja hospitali kwa sababu ya tumbo, mwingine kwa sababu ya kifua, mwingine kwa kidonda cha mguu. Lakini wakiulizwa habari zao zote, wengi huongeza neno moja mwishoni: "Tena, usiku silali." Hulisema polepole, kana kwamba si jambo la kuletwa mbele ya mganga. Hata hivyo ni jambo kubwa. Mtu asiyelala hupungukiwa nguvu, hukasirika upesi, husahau, na mwili wake hushindwa kupigana na magonjwa vizuri. Na kuna hatari nyingine: watu wengi wakikosa usingizi huutafuta kwa njia zinazoweza kuua. Kwa hiyo, ndugu msomaji, yafaa tujifunze usingizi ni nini, huja namna gani, na mtu afanye nini unapomkimbia.

Usingizi si uvivu

Watu wa zamani walidhani kwamba mtu akilala ubongo wake huzimika kama taa. Sivyo. Mwaka 1953, huko Chicago katika Marekani, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walionyesha kwamba kuna nyakati za usiku ambapo macho ya mtu aliyelala hukimbia huku na huku chini ya kope, na ubongo wake hufanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho. Ukimwamsha wakati huo, mara nyingi atakuambia alikuwa akiota.

Wakati wa usingizi mwili hutengeneza vilivyochakaa. Watoto hupata maji ya tezi yanayowakuza. Ubongo hupanga mambo uliyojifunza mchana, kama mama apangavyo vyombo jioni, ili kesho viwe mahali pake. Mwanafunzi anayekesha usiku wote kabla ya mtihani hujinyima kile kinachomsaidia kukumbuka.

Mtu mzima ahitaji kulala saa saba au zaidi kila usiku. Kijana wa shule ya sekondari ahitaji saa nane hadi kumi. Mtoto wa shule ya msingi ahitaji saa tisa hadi kumi na mbili. Mtoto mchanga hulala saa kumi na nne hadi kumi na saba kwa siku, lakini kwa vipande vifupi, kwa maana saa yake ya ndani bado haijaanza kwenda sawasawa. Kwa hiyo mama asimkasirikie mtoto wa mwezi mmoja anayeamka kila mara usiku. Hana tabia mbaya. Hajajua bado tofauti ya usiku na mchana.

Mambo mawili yaletayo usingizi

Usingizi huletwa na mambo mawili yanayofanya kazi pamoja.

La kwanza ni deni. Tangu unapoamka, kitu kiitwacho adenosini hukusanyika ndani ya ubongo saa kwa saa, nacho hutia uzito wa kulala. Kadiri unavyokaa macho, deni huongezeka. Ukilala, deni hulipwa. Ndiyo maana mtu aliyelala saa mbili mchana hukosa usingizi jioni: amekwisha kulipa sehemu ya deni lake. Na kahawa yetu ya Kivu, iliyo tamu na yenye nguvu, haiondoi deni hilo. Huziba tu mahali ambapo adenosini ingekaa, hata mtu asisikie uchovu wake. Karibu nusu ya nguvu ya kahawa yaweza kubaki mwilini saa tano au sita baada ya kuinywa. Anayekunywa saa kumi na moja jioni asishangae akiwa macho saa tano ya usiku.

Jambo la pili ni saa ya mwili. Ndani ya kichwa, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya fahamu ya macho hupishana, kuna fungu dogo la chembe hai, kama 20,000 hivi. Fungu hilo ndilo saa kubwa ya mwili. Hupokea mwanga kwa njia ya macho, na kwa mwanga huo hujua mchana na usiku. Giza likiingia huamuru tezi ndogo katikati ya ubongo itoe melatonini, ambayo hutangaza mwilini mwote kwamba usiku umefika. Damu huelekea kwenye ngozi, mikono na miguu hupata joto, na joto la ndani ya mwili hushuka kidogo. Hapo kope huwa nzito. Deni likiwa limejaa na saa imefika, mtu mwenye afya hupata usingizi kwa muda wa dakika kumi hadi ishirini.

Watu walijuaje habari ya saa hii?

Mwaka 1729 Mfaransa mmoja, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, aliweka gizani mmea ambao hufunga majani usiku. Yadhaniwa ulikuwa ule ambao watu wa pwani huuita kifauongo. Alitaka kujua kama ni jua linaloufungua. Lakini hata gizani mmea ule uliendelea kufungua majani wakati wa mchana na kuyafunga wakati wa usiku. Ulikuwa na saa yake mwenyewe.

Je, binadamu naye? Mwaka 1962 kijana Mfaransa aitwaye Michel Siffre alishuka ndani ya pango katika milima ya Alps, bila saa, bila jua, bila mtu wa kumwambia siku. Aliingia mwezi wa saba akatoka tarehe 14 ya mwezi wa tisa. Alipoambiwa kwamba siku zimekwisha, yeye alidhani ni tarehe 20 ya mwezi wa nane. Akili yake ilikuwa imepoteza hesabu ya siku karibu ishirini na tano. Lakini mwili haukupotea hivyo: uliendelea kulala na kuamka kwa mzunguko wa saa ishirini na nne na nusu hivi. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyokwenda ndani ya kila chembe hai ya mwili.

Angalia neno hili: saa ya Siffre ilichelewa kidogo kila siku. Ndivyo ilivyo kwa watu wengi. Hivyo yapasa irudishwe kila siku, na kinachoirudisha ni mwanga wa asubuhi.

Sisi wa Bukavu tumepewa jua la uaminifu

Mji wetu hauko mbali na Ikweta. Katika nchi za kaskazini kama Norwe, jua la kiangazi hukawia sana kutua, na wakati wa baridi hukawia sana kuonekana, na watu wengi husumbuka kulala. Lakini hapa, tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima haifiki nusu saa. Jua hutoka karibu saa kumi na mbili asubuhi, nalo hutua karibu saa kumi na mbili jioni. Lugha yetu ya Kiswahili yenyewe huhesabu hivyo: saa moja ni saa ya kwanza baada ya jua kutoka, na saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kutua. Anayehesabu saa kwa Kiswahili huhesabu kama mwili wake unavyohesabu.

Lakini siku hizi tumeleta mwanga mwingine nyumbani. Simu inayowaka karibu na macho saa nne ya usiku huiambia saa ya mwili kwamba jua halijatua, na melatonini huchelewa kutoka. Kijana hulala saa saba ya usiku, huku akitakiwa kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda shule. Saa nne tu za kulala! Asinzie darasani, mwalimu amwite mvivu, kumbe ni mgonjwa wa simu.

Safari ya usiku, na habari ya jinamizi

Usingizi wa usiku una hatua. Kwanza mwanzo mwepesi, ambao mtu aweza kushtuka kana kwamba anaanguka. Hilo si ugonjwa. Kisha usingizi wa kati, kisha usingizi mzito, kisha usingizi wa ndoto. Mzunguko huo huchukua muda wa dakika tisini hivi, kisha huanza tena, mara nne au tano kwa usiku. Usingizi mzito ni mwingi mwanzoni mwa usiku, na ndoto ni nyingi karibu na mapambazuko. Kuamka kidogo katikati ya mizunguko ni kawaida kwa kila mtu.

Wakati wa ndoto mwili hufungwa: misuli ya mikono na miguu hulegea kabisa ili mtu asiinuke na kupiga au kukimbia kama anavyoota. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Mtu hufungua macho, hawezi kusogeza hata kidole, husikia uzito kifuani, na hofu kubwa humshika. Wengine huona kama mtu amesimama kando ya kitanda. Hilo ndilo waliloita jinamizi. Hudumu kwa sekunde chache au dakika chache, kisha huisha lenyewe. Humpata zaidi mtu aliyechoka sana, anayelala saa zisizo sawa, au anayelala chali. Si bibi kizee wa jirani aliyekuja kukukalia kifuani. Ndugu, usimshitaki mtu yeyote uchawi kwa sababu ya jinamizi. Nyumba zimevunjika na wazee wamepigwa kwa jambo ambalo ni la misuli na ubongo tu.

Wanaofanya kazi usiku

Nenda ufukoni jioni utazame wavuvi wa sambaza wakiingia ziwani na taa zao. Samaki huyo mdogo si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Yeye naye ana saa yake: mchana hushuka chini majini, na usiku hupanda juu kutafuta chakula. Ndipo wavuvi humvuta kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina nguvu, na wavuvi hupata kidogo. Basi mvuvi hana budi kufuata saa ya samaki, naye hufanya kazi wakati mwili wake mwenyewe wataka kulala. Ndivyo ilivyo pia kwa mwuguzi wa zamu ya usiku na kwa mlinzi wa mlango.

Watu hawa hulala mchana, na usingizi wa mchana huwa mfupi, kwa sababu saa ya mwili huwaamsha. Deni hulipwa nusu. Kwa hiyo familia zao zina kazi ya kuwasaidia. Funika dirisha kwa kitambaa cheusi. Watoto wacheze mbali. Baba huyu asiitwe kila mara eti "Yuko nyumbani, hana kazi." Yuko kazini: analala.

Tena jihadharini barabarani. Mtu aliyekaa macho saa kumi na saba au zaidi huwa mzito wa kuona na wa kuamua, kama mtu aliyekunywa pombe. Dereva wa pikipiki au wa lori anayeendesha alfajiri baada ya usiku mzima ni hatari kwake na kwa abiria. Asimamishe chombo, alale nusu saa, ndipo aendelee.

Malale: ugonjwa unaovunja saa

Kuna ugonjwa unaotufundisha jinsi saa ya mwili ilivyo ya thamani. Ni malale, yaani ugonjwa wa usingizi. Huletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, anayepandwa mwilini na nzi aitwaye mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Viktoria katika Uganda. Huko Entebbe, mwaka 1902, Aldo Castellani aliwaona wadudu hao katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa. Na mwaka 1903 David Bruce na wenzake wakaonyesha kwamba ni mbung'o anayewasambaza.

Wengi hudhani mgonjwa wa malale hulala tu siku zote. Kwa kweli usingizi wake umevunjika vipande. Husinzia mchana akiwa na chakula mkononi, na usiku hukaa macho. Wadudu wameingia ubongoni na kuharibu mpango wa saa.

Katika Kongo yetu, mwaka 1998 walihesabiwa wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Kwa kazi ya timu zinazopima damu vijijini, tangu mwaka 2018 hesabu ya nchi nzima imekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka. Mwaka huo huo wa 2018 ilikubaliwa dawa ya kumeza iitwayo feksinidazoli, ambayo mgonjwa huinywa kwa siku kumi. Zamani wengi walihitaji sindano kali. Mbung'o hapendi baridi ya milima yetu, lakini wasafiri hushuka Maniema na sehemu nyingine za joto. Mtu aliyetoka huko akiwa na homa zinazorudi, tezi zilizovimba shingoni, na usingizi uliogeuka mchana kuwa usiku, asingoje. Aje apimwe damu.

Usingizi uliokimbia kwa hofu

Mji wa Bukavu umeona watu wenye silaha wakiingia mwaka 1996, mwaka 1998, mwaka 2004 na mwaka 2025. Wengi wamepoteza ndugu, mali na amani. Mtu aliyepita katika hofu kama hiyo, mwili wake hubaki ukilinda mlango. Kelele ndogo humwinua kitandani. Huona tena katika ndoto yale aliyoyaona kwa macho. Wengine huogopa hata kuzima taa.

Mtu huyo hana kichaa, wala si dhaifu wa moyo. Mwili wake umejifunza hatari, na unakawia kusahau. Kwa wengi hali hii hupungua katika majuma machache, hasa wakilala karibu na watu wanaowaamini na kurudia kazi za kila siku. Lakini ikipita mwezi mmoja, au mtu akianza kutamani kufa, yapasa aletwe hospitali bila kuchelewa. Kuna watu waliofundishwa kusikiliza na kusaidia, na maneno yaliyosemwa kwao hayatangazwi sokoni.

Njia tatu za hatari

Ya kwanza ni vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila mganga. Dawa kama diazepamu ina kazi yake, lakini mwili huizoea upesi, na kipimo cha jana hakitoshi leo. Anayeinywa siku nyingi akiiacha ghafula aweza kupata kifafa. Aliye nayo asiiache mwenyewe; aje mganga aipunguze pole pole. Na diazepamu pamoja na pombe yaweza kuzuia pumzi hata mtu asiamke.

Ya pili ni pombe. Ni kweli kasiksi au bia humlaza mtu upesi. Lakini saa chache baadaye humwamsha, huvunja ndoto zake, na asubuhi huwa mchovu kuliko jana.

Ya tatu ni mbabula. Usiku wa milima yetu ni wa baridi, na wengine huingiza mbabula ya makala chumbani, hufunga dirisha, hulala. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushika damu kwa nguvu mara 200 kupita ile hewa safi tunayoihitaji. Mtu husikia kichwa kuuma na uzito wa kulala. Hudhani ni usingizi mzuri, kumbe ni kifo. Mbabula ibaki nje, hata kama makala yanaonekana kuzimika. Ongeza blanketi, vaa soksi, walaze watoto wakubwa pamoja. Ukimkuta mtu amelegea chumbani kwenye makala, fungua milango, mtoe nje haraka, mlete hospitali.

Jinsi ya kuuita usingizi

Usingizi haulazimishwi, hutayarishiwa njia.

1. Amka saa ile ile kila siku, hata kama ulilala vibaya, hata siku ya mapumziko.
2. Toka nje asubuhi, upate mwanga wa jua muda wa nusu saa hivi.
3. Usilale mchana zaidi ya nusu saa.
4. Acha kahawa baada ya saa sita mchana.
5. Weka simu mbali saa moja kabla ya kulala.
6. Nenda kitandani unaposikia usingizi. Ukikaa macho muda mrefu, inuka, kaa mahali penye mwanga mdogo, fanya kazi ya utulivu, kisha rudi unaposinzia. Kitanda kisiwe mahali pa kuhangaikia madeni.
7. Lala ndani ya chandarua. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku.
8. Mlaze mtoto mchanga chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila mto wala nguo karibu na uso.
9. Ukikesha katika maombi, mshukuru Mungu, lakini usiendeshe gari asubuhi hiyo.

Njoo hospitali kama umekosa usingizi usiku tatu au zaidi kwa juma, kwa muda wa miezi mitatu. Au mapema zaidi kama unashindwa kufanya kazi. Au mwenzako akikuambia kwamba unakoroma sana na pumzi yako hukatika usiku. Au unasinzia mchana ukiongea na watu. Mama aliyejifungua karibuni, asiyeweza kulala hata mtoto anapolala, na ambaye moyo wake umejaa huzuni, aletwe upesi na jamaa zake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

Ni mambo gani mawili yaletayo usingizi? Kwa nini mwanga wa asubuhi ni dawa? Jinamizi ni nini, na kwa nini si haki kumshitaki jirani? Mbabula yenu hulala wapi usiku? Ni nani katika nyumba yenu anayefanya kazi usiku, na leo mtamsaidiaje alale?